Magoti ya Mzee Makori na Mashine ya Matairi

Vijana wangu, wiki haipiti bila mmoja wenu kunisimamisha pale Kisii mjini, atoe simu mfukoni na kunionyesha picha ya mashine ya kubadilisha matairi. "Mzee Onchiri, hii ni nzuri?" Nami humjibu vilevile kila mara: sijui. Nionyeshe kwanza ukuta wako, stima yako na magurudumu yanayokuja kwako. Wengi huenda zao wakicheka, wakidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Sijazeeka vibaya. Nimeacha kazi tu, na mtu akiacha kazi hupata nafasi ya kukumbuka alivyoikosea. Basi kaeni niwaambie kuhusu mashine moja iliyoko Mosocho, maana mkielewa hiyo, picha za simu hazitawasumbua tena.

Shule niliiacha darasa la sita. Haikuwa karo wala kiboko cha mwalimu. Nilikuwa nikipita Mosocho asubuhi nikamwona mtu akitoa tairi kwenye rimu kwa vyuma viwili na goti lake, nikasimama nione litatokaje. Lilipotoka nikataka kuona litarudije. Liliporudi, kengele ya shule ilikuwa imeshalia zamani. Kesho yake nikasimama tena. Siku ya tatu yule mtu akasema, bila kuinua kichwa, "Kama umekuja kuwa mti, simama. Kama umekuja kazi, shika chuma hiki." Huyo ndiye Mzee Makori. Wakati huo hakuwa mzee, lakini alikuwa tayari anaongea kama mzee.

Kwa Makori niliharibu vitu vingi. Tairi zenye tyubu zilinitesa zaidi, kwa sababu chuma kikiingia vibaya hufinya tyubu, na unaporudisha upepo unasikia ikipumua upya kama mgonjwa. Siku moja jioni aliniuliza, "Umefinya ngapi leo?"

"Tatu, mzee."

"Basi wewe si fundi wa pancha. Wewe ni mtengenezaji wa pancha."

Halafu akanipa kopo la unga mweupe. Lilikuwa vumbi la yale mawe laini ya kule kijijini Tabaka, ambalo wachongaji wa vinyago hulifagia na kulitupa. Makori alikuwa akilikusanya kwa gunia. Ukiipaka tyubu vumbi hilo, inateleza na kukaa mahali pake, haijikunji, haifinywi. Sijaona fundi mwingine akilitumia Nakuru wala Eldoret. Hilo kopo liwekeni akilini.

Nilikaa naye miaka kadhaa, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Nimefanya kazi Migori, Kericho, Nakuru, Eldoret, na miezi michache ng'ambo ya mpaka. Kila karakana nilikaa mpaka nilipojua kesho kutatokea nini, nikaondoka. Mara moja tu ndiyo nilifukuzwa, na nilistahili. Ilikuwa Nakuru, kwenye mashine yangu ya kwanza. Pale juu kuna kichwa cha chuma kinachoinua tairi kutoka kwenye rimu. Sisi tulikiita mdomo wa bata. Mdomo huo huvishwa plastiki ili usikwaruze rimu zinazong'aa. Plastiki ikaisha, nikaona, nikasema nitabadilisha kesho. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimechora mistari kwenye rimu nne za gari moja la mtu mkubwa. Mwenye karakana alizitazama, akaniambia kwa upole kabisa, "Onchiri, kawachoree watu Tabaka."

Kwa hiyo mashine nilizijua. Nilizijua kwa kuziharibu, na ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Niliporudi nyumbani kupumzika, Kemunto akanipigia simu. Kemunto ni binti ya Makori. Ndiye anayeendesha karakana siku hizi, na ana kichwa cha biashara kuliko sisi sote. Akasema, "Anko, nataka kununua mashine ya matairi. Njoo unichagulie."

"Baba yako amekubali?"

"Njoo kwanza."

Nilimkuta Makori pale pale nilipomwacha, magotini, juu ya saruji, tairi la pikapu ya majani chai mbele yake. Alinisalimu kwa furaha lakini hakuinuka. Baadaye Kemunto alinivuta kando kwenye migomba akanieleza sababu. Kuinuka kulikuwa kazi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba akiendelea kupiga magoti kwenye saruji hivyo, atafika siku ya kutoinuka kabisa. Mzee alimsikiliza daktari, akamshukuru, akarudi kazini.

"Na kanisani?" nikauliza, kwa sababu namjua Makori. Ni mzee wa kanisa, Msabato wa kweli. Kuanzia Ijumaa jua likishuka, hata ukija na tairi linalowaka moto, utasubiri.

"Kanisani ndiko kunaniuma," Kemunto akasema. "Watu wote wakipiga magoti kuomba, yeye anabaki amekaa kwenye benchi ameinamisha kichwa. Mzee wa kanisa, Anko. Magoti ameyamaliza kwa matairi. Ya Mungu hakubakisha."

Basi mwelewe vizuri. Hatukuwa tunatafuta mashine ya kutuongezea wateja. Tulikuwa tunatafuta mashine ya kumwinua mtu mmoja kutoka sakafuni, na mtu mwenyewe hakutaka.

Jioni hiyo tulimweleza. Makori alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa. "Leteni," akasema. "Lakini nitachagua magurudumu matatu mwenyewe. Iyatoe yote na kuyarudisha. Moja tu likiishinda, irudi ilikotoka, na mtu asiniambie tena habari za magoti."

"Tata, ikiweza yote?" Kemunto akamuuliza baba yake.

"Nitaweka vyuma chini."

Kemunto alinitazama. Mara ya kwanza maishani nilijihisi kama mtu mwenye mtihani, mimi niliyeukimbia wa darasa la saba.

Sasa hapa ndipo mnaponiuliza mashine gani. Mimi sikuanza na mashine. Nilianza na ukuta. Nyuma ya karakana kuna ukingo wa mlima uliokatwa, na juu yake migomba. Hakuna nafasi ya mtu kupita. Kuna mashine ambazo mkono wake, ule unaobeba mdomo wa bata, huanguka kwenda nyuma ukikanyaga pedali; ni nzuri, ni za haraka, lakini pale ingekuwa inapiga udongo kutwa nzima. Kwa hiyo yetu ilikuwa lazima mkono wake uzunguke kando.

Kisha stima. Nilikaa karakanani siku mbili nikitazama balbu. Makori akaniuliza kama nimerudia tabia yangu ya kuwa mti. Nilikuwa nasubiri posho mili ya jirani ianze kusaga. Ilipoanza, balbu ikafifia ikawa kama mshumaa. Ukinunua mashine yenye mota kubwa mahali kama hapo, au inayotaka umeme wa fezi tatu ambao huna, umejinunulia meza ya bei ghali. Tulihitaji mota ndogo ya fezi moja, na kompresa, pampu ya upepo unaoisukuma mashine, inayoweza kujaza tangi lake mapema, kabla watu hawajaleta mahindi yao.

Kisha magurudumu. Kemunto alichora mistari ya makaa ukutani kwa wiki mbili, mstari mmoja kwa kila gurudumu lililoingia. Mistari ya bodaboda ilijaza ukuta mpaka mlangoni. Ikafuata ya magari madogo, kisha ya pikapu za chai na ndizi. Magari makubwa ya fahari yalikuwa matatu, na moja lilikuwa limepotea, likiuliza njia ya Kilgoris.

Kwenye duka la mashine mjini, muuzaji alikuwa kijana mwenye tai, msafi kama sahani. Moja kwa moja akatupeleka kwenye mashine kubwa kuliko zote, yenye mikono miwili ya ziada. "Hii, mama, itakutolea hata zile tairi pana za magari ya wakubwa."

"Na za pikipiki?" nikauliza.

Akatabasamu. "Mzee, nani anatumia mashine kwa tairi ya pikipiki?"

"Mosocho nzima," Kemunto akajibu.

Mimi nilikuwa na gunia begani. Mlinzi alikuwa ameniruhusu kuingia nalo akidhani ni ndizi. Nikalifungua, nikatoa gurudumu la bodaboda lenye kutu na gurudumu la gari dogo ambalo tairi lake lilikuwa limegandamana na rimu tangu lilipoachwa kwenye matope. Vijana wangu, hili ndilo neno moja ninalotaka mlibebe: usiende dukani na pesa peke yake, nenda na gurudumu lako baya kuliko yote. Gurudumu la muuzaji limetolewa na kurudishwa mara elfu, ni laini kama chapati. Lako ndilo litakalosema ukweli.

Tulijaribu tatu. Ya kwanza, kucha zinazoshika rimu hazikuweza kusogea karibu vya kutosha kushika ya pikipiki. Ya pili ilishika, lakini nilipofunga mkono na kuusukuma kwa kiganja, ulitikisika kama jino la mtoto. Mkono ukifungwa lazima usimame kabisa, na mdomo wa bata uache pengo la upana wa sarafu tu kati yake na rimu. Ukitikisika, utachora rimu, na mimi hilo nilishalifanyia mafunzo Nakuru. Ya tatu ilikuwa ndogo, haina mbwembwe, rangi yake ya kijivu. Ikaja na kucha za ziada za pikipiki. Nilikanyaga pedali zote mara nyingi mpaka muuzaji akaketi. Nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mipira ya upepo. Hakuna kilichotoa mapovu. Nikamuuliza ikiharibika nani ataitengeneza, na vipuri viko Kisii au nivifuate Nairobi. Akaniletea fundi wao, akanionyesha kabati la vipuri. Bamba la pembeni, lile la kubandua tairi kwenye rimu, likasukuma tairi letu lililogandamana, nalo likabanduka kwa mlio ambao Kemunto alisema ni kama mtu aliyesamehewa.

"Hiyo," nikasema.

Tulipokuwa tukiondoka, kijana mwenye tai akakimbia nyuma yetu na kichupa cha kioo chenye kifuniko cha chuma. "Mzee, chukua na hiki kichujio. Kinakaa kati ya kompresa na mashine, kinazuia maji na vumbi."

Nilikuwa nimeshashinda mambo mengi siku hiyo. Nilijisikia daktari. Nikamwambia, "Upepo ni upepo, kijana." Tukaenda.

Tuliifunga Alhamisi. Kompresa niliiweka mahali pakavu zaidi karakanani, pembeni, chini ya rafu. Ijumaa ikafanya kazi vizuri hata posho mili ikiunguruma. Makori alipita karibu nayo mara sita. Nilihesabu. Kila mara alikuwa anatafuta kitu ambacho hakuwa amekipoteza.

Jumapili ilikuwa ya mtihani. Bodaboda walijaa wakaacha abiria stendi. Gurudumu la kwanza la Makori lilikuwa la pikipiki, la nyuma, lenye tairi jipya gumu. Likatoka, likarudi, na tyubu haikufinywa. Makori alilizungusha, akalinusa, akaliweka chini. "Hilo hata mke wangu angelitoa."

La pili lilikuwa la pikapu ya majani chai, lenye kutu mpaka rangi ya udongo. Nikalipandisha juu, nikakanyaga pedali ya kucha. Kucha zikashika, kisha zikaachilia. Nikakanyaga tena. Zikasogea polepole kama ng'ombe aliyeshiba, zikaishia njiani. Mashine ikatoa sauti ya *fsss*.

"Imechoka, ipe uji," bodaboda mmoja akasema, wenzake wakapasuka.

Makori hakucheka. Alichukua vyuma vyake viwili akaanza kuvuta gurudumu lile kwake, na nikamwona Kemunto akigeuza uso kuelekea kwenye migomba.

"Mzee, nipe saa moja," nikasema. "Wewe mwenyewe hujawahi kunipa kazi nikaimaliza mara ya kwanza."

Akafikiri. "Hilo ni kweli," akasema.

Nikafungua ubavu wa mashine, nikatoa valvu ya upepo. Ndani kulikuwa na uji mweupe, mzito, umeziba vitundu vyote. Nikaupaka kidoleni nikashangaa. Makori akainama, akaugusa, akausugua kati ya vidole viwili. Uso wake ukabadilika.

"Onchiri. Hili ni vumbi langu."

Tukainua macho wote wawili. Juu ya kompresa, kwenye rafu, gunia la unga wa Tabaka lilikuwa limekaa, na kila mtu alipochota kopo, vumbi lilishuka polepole mpaka kwenye mdomo wa kompresa. Kompresa ikalivuta. Hewa ya huku kwetu ina maji. Yakakutana na vumbi kwenye mabomba, yakapika uji. Karakana nyingine yoyote nchini isingepata ugonjwa huo. Ilihitaji fundi wa Kisii, vumbi la Tabaka, na mtu mjinga aliyekataa kichujio.

"Kosa ni langu," nikawaambia mbele ya watu wote. "Nilipewa dawa dukani nikaikataa."

"Bado unatengeneza pancha," Makori akasema.

Lakini hakurudi kwenye vyuma vyake. Alivuta kreti akaketi, akaichukua ile valvu mikononi. Wakati mimi nimepanda bodaboda kuelekea mjini kutafuta kichujio (kijana mwenye tai alikuwa nyumbani kwake, akaja kunifungulia, na hakuniambia neno lolote baya, Mungu ambariki), Makori aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akataka kujua upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Niliporudi na kuirudisha valvu, ndiye aliyenionyesha kipande nilichokuwa nimekipanga kichwa chini. Tukahamisha kompresa upande wa pili, tukafunga kichujio. Nikamwambia Kemunto kila jioni afungue kibomba cha chini ya tangi maji yatoke. Nanyi nawaambia hivyo hivyo.

Gurudumu la pikapu likatoka. Kutu ilianguka kama mvua. Watu wakapiga makofi, Kemunto akaanza kucheka peke yake.

"Bado moja," Makori akasema.

Akaingia ndani, akatoka na gurudumu la wilbaro.

Bodaboda walipiga kelele mpaka mama wa posho mili akatoka kuona nani amekufa. Nililigeuza gurudumu lile la toroli huku na huku. Kucha za kawaida, kucha za pikipiki, hakuna iliyoweza kulishika. Lilikuwa dogo kama sufuria ya mayai. Hakuna mashine ya aina ile ingeliweza, na Makori alilijua hilo tangu siku alipoweka masharti. Alikuwa akilitunza.

"Tata, hiyo ni hila," Kemunto akasema.

"Ni gurudumu. Huingia hapa kila wiki."

Akapiga magoti. Kwa vyuma viwili akalitoa tairi la wilbaro na kulirudisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Watu wakamshangilia. Kisha akataka kuinuka, na hakuweza. Akaweka kiganja sakafuni, akajaribu tena. Kelele zikaisha. Akanyoosha mkono kutafuta cha kushikilia, na kilichokuwa karibu kilikuwa mkono wa mashine. Akaushika. Haukutikisika. Akajiinua taratibu mpaka akasimama.

Alikuwa bado ameushika. "Makubaliano ni makubaliano," akasema. "Imeshindwa moja. Irudi kesho."

Na wakati huo huo gari dogo likaingia likichechemea, tairi la mbele limelala. Makori akalitazama, akaitazama mashine.

"Hilo nitalitoa kwa hii," akasema, "kabla haijarudi. Nione tu."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na pikipiki nne. "Acha nimalize hizi kwanza." Jumanne Kemunto akamuuliza, kwa uso mkavu kabisa, "Tata, nimpigie simu yule wa duka aje aichukue?" Makori, mguu juu ya pedali, akasema, "Wacha kwanza. Unaona niko kazini." Jumatano akanifukuza mimi nilipotaka kuikanyaga, akasema nina mguu mzito. Wiki ikaisha, ikaja nyingine, na mpaka leo mashine hiyo inarudi kesho. Wilbaro zikija, Kemunto huzifanya mwenyewe kwa vyuma, juu ya meza aliyochongewa na fundi seremala, kwa kusimama.

Jambo moja lilinishangaza nikiwa nimekaa kwenye kreti nikimtazama akifanya kazi amesimama wima. Makori ni mrefu. Ananizidi kichwa kizima. Nimemjua tangu nikiwa mvulana wa darasa la sita, na sikuwahi kujua.

Miezi ilipita. Sabato moja Kemunto akaniambia nije kanisani, na nivae shati safi. Mimi si mtu wa kanisa moja, nimesali kote nilikopita, lakini nilienda, nikaketi benchi moja na Makori. Ulipofika wakati wa maombi, watu wakaanza kushuka magotini. Nikamwona akishika benchi la mbele, akishusha goti la kulia, akingoja, akishusha la kushoto. Kemunto, upande wa kina mama, alikuwa amefumba macho, lakini si yote mawili.

Maombi yalikuwa marefu. Amina ikasemwa, kanisa zima likainuka, wimbo ukaanza. Makori alibaki chini. Nikadhani bado anazungumza na Mungu wake, nami nikatulia nisimkatize. Alikuwa na miaka mingi ya kulipia. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ndipo nikasikia ananivuta suruali.

"Onchiri," akanong'ona. "Leta jeki."